Mama Mizani na Nguruwe Kumi na Sita wa Chumba cha Kulia

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Mizani anasoma kinyesi.

Amechutama kwenye ujia wa banda, gauni amelikusanya juu ya buti za mpira. Nyuma ya ukuta mfupi wa matofali, nguruwe wadogo kumi na sita wanasukumana wakitaka kunusa vidole vyake. Yeye hawatazami. Anatazama sakafu.

"Kigumu," anasema. "Kimekatika vizuri. Na huyu naye, tazama, hongera sana, baba."

Nguruwe aliyepongezwa anapiga chafya.

"Shikamoo, babu," anasema Mama Mizani bila kugeuka, maana amesikia buti zikiburutwa nyuma yake.

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Nilale vipi? Leo si ndiyo leo."

Anayeburuta buti ni mhudumu wa banda. Wenzake humwita Babu Taratibu kwa sababu hajawahi kuonekana akikimbia, hata siku ile nguruwe dume alipovunja mlango akaelekea barabarani. Leo hata yeye amewahi kazini. Ni siku ya ishirini na nane tangu nguruwe hawa watenganishwe na mama zao, na leo watapimwa uzito mbele ya mwenye shamba.

Sharti la mwenye shamba lilikuwa fupi. Wastani wa nguruwe hawa, wa chumba cha mkono wa kulia, ufike kilo kumi na tano. Usipofika, chumba cha kuchanganyia chakula kitafungwa, shamba litaanza kununua chakula kilichofungwa tayari kiwandani, na Mama Mizani, aliyechanganya chakula hapa kwa miaka kumi na moja, atakwenda kutafuta kazi nyingine.

"Nina miaka arobaini na moja," anasema huku akinawa mikono kwenye ndoo. "Ninachojua ni beleshi, gunia na tumbo la nguruwe. Mambo matatu hayo, nani mwingine atanilipa kwa kuyajua?"

Anacheka. Ni mwanamke mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na hakiulizi kama wakati unafaa.

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya banda, karibu na tangi la maji. Kina dirisha moja la wavu, mashine ya kuchanganyia yenye umbo la pipa lililolala, magunia ya mahindi yaliyosagwa, mashudu ya soya, unga wa samaki, chokaa na chumvi. Kila kitu humo kimevaa vumbi la njano, pamoja na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyekumbuka kuishusha.

Juu ya meza, kwenye kitambaa safi, kuna mizani ndogo ya betri, ya aina wanayotumia wauza viungo. Hiyo ndiyo iliyompa jina. Kabla ya hapo alikuwa akiitwa Dada wa Pumba tu.

"Jina hili la sasa lina heshima zaidi," anasema.

Kwa miaka mingi shamba hili lilikuwa na ugonjwa usio na jina. Nguruwe walizaliwa vizuri, wakanyonya vizuri, wakafika wiki nne wakiwa na kilo saba hivi. Wakiachishwa tu, mambo yalibadilika. Siku ya tatu au ya nne walianza kuhara. Migongo ilichongoka, manyoya yakasimama, na katika kila kumi wawili walikufa. Waliobaki walifika wiki ya nane wakiwa na kilo kumi na moja au kumi na mbili, wamekunja nyuso kama wazee waliodhulumiwa.

Dawa ya shamba ilikuwa moja. Nguruwe akikonda, aongezewe soya. Soya ina protini, protini inajenga mwili, kwa hiyo mwenye mwili mdogo apewe soya nyingi. Hesabu hiyo ilionekana haina shaka.

"Tulikuwa tunatia beleshi thelathini na tano za soya katika kila mia," anakumbuka Mama Mizani. "Wakihara, tunasema hawajashiba, tunatia arobaini. Tulikuwa tunazima moto kwa mafuta, na tunajisifu kwamba hatuna uchoyo."

Daktari wa mifugo, binti mwembamba anayepita shambani kila mwezi, ndiye aliyewaambia kwanza kwamba tatizo huenda likawa ni wingi wenyewe. Aliwachorea kwenye kipande cha boksi. Protini si kitu kimoja, aliwaeleza. Imeundwa kwa vipande vinavyoitwa asidi amino. Baadhi ya vipande mwili hujitengenezea, vingine lazima vitoke kwenye chakula, tena kwa uwiano wake. Kwa nguruwe anayekula mahindi na soya, kinachopungua mapema kuliko vyote huwa ni kimoja kiitwacho laisini. Kikipungua hicho, vingine vyote vinasimama vikisubiri, na visivyotumika vinakuwa mzigo.

Mama Mizani aliitikia kwa kichwa kila daktari alipomaliza sentensi. Hakuwa ameelewa hata moja.

"Niliona aibu kuuliza," anasema. "Mtoto wa watu amechora mpaka boksi limejaa. Nikasema ndiyo, daktari, nimekupata. Nilikuwa sijampata hata kivuli chake."

Alikwenda nalo nyumbani lile boksi. Anaishi kwenye vyumba viwili pamoja na mume wake, fundi wa baiskeli, na chumba cha tatu kwenye ua huohuo anakaa wifi yake, fundi cherehani. Jioni ile alimkuta wifi akigombana na lundo la vitambaa. Mteja alileta nguo zilizokatwa tayari, mikono tele, lakini kola hazikutosha.

Mama Mizani anaigiza mazungumzo yao, sauti yake nyembamba na ya wifi nzito.

"Wifi, kwani ukiwa na mikono ishirini na kola mbili, mashati mangapi yanatoka?"

"Mawili. Swali gani hilo? Umeanza kuzeeka?"

"Na nikikuletea mikono mingine ishirini?"

"Yanatoka mawili! Na hiyo mikono yako nakurushia usoni, maana sina pa kuiweka."

"Nilisimama palepale," anasema Mama Mizani. "Nikamwambia, wifi, umenisomesha bila ada. Soya ni mikono. Laisini ni kola. Na pa kuweka hiyo mikono iliyozidi ndipo hapana, kwa sababu tumbo la mtoto aliyeachishwa ziwa juzi ni dogo na changa. Linashindwa kusaga yote. Inateremka chini, vijidudu vya tumboni vinaifanyia sherehe, na asubuhi mimi nakuta sakafu imelowa."

Wifi, alipoulizwa kuhusu mchango wake, alisema kwa kifupi, "Mimi nilijua ananiuliza habari za mashati."

Kesho yake Mama Mizani alimpigia daktari simu na kumweleza yote upya kwa kola na mikono. Daktari akamwomba ruhusa ya kuwafundisha wengine hivyohivyo.

Pamoja waliandika mchanganyiko mpya. Soya ilishuka kutoka beleshi thelathini na tano hadi ishirini na mbili katika kila mia. Pengo lake lilijazwa na mahindi na asidi amino za unga zilizonunuliwa kwenye pakiti. Kwa gunia la kilo hamsini walitia gramu mia mbili za laisini. Laisini ikishatosha, kinachofuata kupungua kinakuwa kingine, kwa hiyo waliongeza threonini gramu themanini, methionini gramu sabini, na triptofani gramu ishirini tu.

"Gramu ishirini katika gunia zima!" anasema Mama Mizani. "Kijiko kimoja kikubwa na kidogo hivi. Mimi niliyezoea beleshi! Nilihisi kama natia manukato."

Mara ya kwanza alikosea. Alimwaga unga wote mdogo kwenye mashine pamoja na mahindi, akawasha, akaenda kunywa chai. Aliporudi, alichota sehemu tatu tofauti akaonja kwa ncha ya ulimi. Sehemu moja ilikuwa na ladha ya ajabu, mbili hazikuwa na kitu. Unga ulikuwa umejificha pembeni mwa pipa. Nguruwe mmoja angekula wa wenzake wote.

Sasa ana utaratibu ambao haurukwi. Unga mdogo unachanganywa kwanza na kilo moja ya mahindi, kwa mkono, ndani ya beseni. Kilo hiyo inachanganywa na tano. Hizo zinatiwa katika ishirini, na hapo ndipo mashine inawashwa, kwa dakika kumi zinazohesabiwa.

"Bibi harusi humpeleki kwa ukoo mzima siku ya kwanza, atakimbia," anaeleza. "Mkutanishe kwanza na mama mkwe. Wakizoeana, waite mashangazi. Halafu ndiyo ukoo."

Mwenye shamba hakushawishika kwa maneno. Ni mwanamume mpole, mnene, aliyekuwa fundi wa magari kabla ya kununua nguruwe wake wa kwanza, na huamini kitu akikiona kinatembea. Alikuwa tayari ameshazungumza na kiwanda. Hata hivyo alikubali jaribio moja. Nguruwe thelathini na wawili walioachishwa siku moja, uzito sawa, waligawanywa vyumba viwili. Kushoto wale chakula cha zamani. Kulia wale cha Mama Mizani. Siku ishirini na nane.

Siku kumi na mbili za kwanza, chumba cha kulia kilikuwa raha tupu. Sakafu ilikuwa kavu, masikio yamesimama, na mlango ukifunguliwa wote walikimbia kwa pamoja kama wanafunzi waliosikia kengele ya kutoka. Mume wake alianza kulalamika.

"Alisema, 'Mke wangu, siku hizi hata mimi unaniangalia kama unanikadiria kilo.' Nikamjibu ukweli. Nikamwambia, wewe umeshapita umri wa kuongezeka."

Siku ya kumi na tatu aliingia asubuhi akakuta sakafu imelowa.

Alidhani macho yanamdanganya. Alihesabu, nguruwe saba wameharisha. Kesho yake walikuwa tisa. Alirudi chumbani kwake akapima upya kila pakiti. Akaangalia betri ya mizani, akapima jiwe la kilo moja alilonalo, likasoma kilo moja. Akanusa mahindi kama yameota ukungu. Akakagua maji. Hakuona kosa lolote.

"Siku ile sikucheka," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaongea polepole. "Niliketi juu ya gunia. Nikasema, basi, wewe ni mtu wa beleshi, nani alikudanganya kwamba unaweza mambo ya gramu?"

Siku ya tatu ya kuhara, akiwa anasafisha kihori, aliona kitu kwenye kona. Vilikuwa vipande vya kahawia, vikubwa kuliko vya kwake. Alivisugua kati ya vidole. Yalikuwa mashudu ya soya, ambayo hayajapita kwenye mashine.

Akatoka nje, akamkuta Babu Taratibu anafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

"Babu, nani anaingia humu jioni nikishaondoka?"

"Mimi tu, mwanangu. Nafunga madirisha."

"Na soya je? Nayo inafunga madirisha?"

Mzee aliegemeza ufagio ukutani. Alisema wale wa kushoto walikuwa wanapewa chakula chenye rangi na harufu, na wa kulia wanapewa kitu cheupe kama uji wa wagonjwa. Alisema aliwaonea huruma. Kila jioni, kwa siku tano, alikuwa akiwawekea viganja vya soya juu ya chakula chao, kimyakimya, ili wasijione yatima.

"Viganja vingapi, babu?"

"Viwili kwa kila mmoja."

"Babu! Viganja vyako hivyo? Hivyo si viganja, ni masinia!"

Mama Mizani anasema alitaka kulia lakini kicheko kikatangulia, na kikishatangulia hakirudi. Walicheka wote wawili hadi nguruwe wakaanza kuguna. Kisha alimkalisha mzee kwenye ndoo iliyogeuzwa na kumweleza habari za kola na mikono, mara mbili. Baada ya hapo alimkabidhi kazi mpya. Tangu siku hiyo, anayepima gramu ishirini za triptofani ni Babu Taratibu, akiwa amevaa miwani yake ya kusomea, ulimi nje kidogo.

"Mtu aliyehangaika na gramu moja asubuhi nzima hawezi tena kumwaga kiganja jioni," anasema Mama Mizani. "Anajua uchungu wake."

Kuhara kulikoma baada ya siku nne. Mwenye shamba alikuwa ameshaona sakafu, akauliza kulikoni. Mama Mizani alijibu kuwa kulitokea kosa ndani ya banda na limekwisha.

"Kosa la nani?"

"La banda."

Mwenye shamba alimtazama sana. Akasema siku hazitaongezwa.

Hivyo ndivyo ilivyofika asubuhi ya leo. Saa mbili kamili mwenye shamba anaingia akiwa na kalamu sikioni. Daktari wa mifugo amekuja pia, ameshika daftari. Mizani ya kuning'inia imefungwa kwenye boriti, na gunia lililotobolewa matundu manne ya miguu linasubiri chini yake.

Wanaanza kushoto. Kati ya kumi na sita, wamebaki kumi na watatu. Wanapimwa haraka, hawana nguvu ya kugombana. Jumla kilo mia moja hamsini na mbili. Wastani haufiki hata kumi na mbili.

Kisha kulia, na hapo vurugu inaanza. Wa kwanza anapiga kelele kana kwamba anachinjwa, wa pili anachomoka mikononi mwa daktari na kupita kati ya miguu ya mwenye shamba. Babu Taratibu, mbele ya macho ya watu wote, anakimbia.

"Andikeni tarehe!" anapiga kelele Mama Mizani. "Babu amekimbia!"

Kumi na nne na nusu. Kumi na sita. Kumi na tano. Kumi na tatu na nusu, huyu anapokewa kwa kimya. Kumi na saba, huyu anapokewa kwa vigelegele. Wote kumi na sita wapo. Daktari anajumlisha, anajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, na uso wake unabadilika.

"Mia mbili thelathini na saba," anasema. "Wastani kumi na nne na pointi nane."

Ilitakiwa mia mbili na arobaini. Zimepungua kilo tatu.

Mama Mizani anafungua gunia la kupimia taratibu, analikunja mara mbili, analipangusa vumbi pindo lake.

"Hizo kilo tatu nimezila mimi," anasema Babu Taratibu.

Mwenye shamba anageuka. Mzee, bado anahema kwa mbio zake, anaeleza yote, tangu jioni ya kwanza hadi ya tano. Hafichi hata idadi ya viganja.

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?"

"Ningesema, ungenifukuza."

"Na sasa?"

"Sasa nifukuze. Ila chumba cha kuchanganyia kiache wazi. Huyu mwanangu hana kosa."

"Babu, nyamaza," anasema Mama Mizani. "Bosi, alifanya kwa huruma. Na mimi ndiye sikumweleza tangu mwanzo. Nilimpa chakula, sikumpa sababu."

Mwenye shamba anatoa kalamu sikioni na kuomba daftari. Anasoma namba zote mbili. Anatazama kushoto, kwenye nafasi za watatu ambao hawapo, kisha kulia, ambako mmoja ameshaanza kutafuna kamba ya buti lake.

"Vyumba vilianza sawa," anasema kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Leo kimoja kimemzidi mwenzake kilo themanini na tano. Na hiki kilichozidi ndicho kilichohujumiwa." Anarudisha daftari. "Kiwandani nitapiga simu mwenyewe. Nitawaambia wasisumbuke."

Inachukua muda kidogo maneno hayo kueleweka. Daktari anaelewa kwanza, anapiga makofi. Babu Taratibu anauliza kama amefukuzwa au hajafukuzwa.

"Utafukuzwa ukigusa soya," anajibu mwenye shamba. "Kwenye triptofani baki hapohapo."

Mama Mizani anacheka, anapiga kofi ukuta wa matofali, anacheka tena, na nguruwe wote kumi na sita wanamwitikia. Anafuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ina uchafu.

Kuanzia wiki ijayo atachanganya chakula cha banda zima, na mwenye shamba amekubali kuweka meza kubwa zaidi na mtu wa kusaidia kubeba magunia. Daktari anataka wajaribu kushusha soya kidogo tena kwa kundi litakaloachishwa mwezi ujao, hatua kwa hatua, huku wakipima. Kuna wafugaji wanne wa jirani ambao wameshatuma salamu, na Mama Mizani amewaambia watakaribishwa siku za mapumziko, waje na makaratasi na waulize wasichoelewa.

"Nitawaambia mapema kabisa," anasema, "humu hakuna aibu ya kuuliza. Mimi aibu ilinichelewesha."

Mpango wake wa leo lakini ni mwingine. Kazi imekwisha, wengine wamekwenda kunywa chai, na yeye anafunga kitambaa kichwani upya na kurudi chumbani kwake kupima. Baada ya saa moja anatokea akiwa na ndoo mbili za chakula kipya. Anapita chumba cha kulia bila kusimama, anafungua mlango wa kushoto.

"Hawa ndio walioninyima usingizi," anasema. "Siku ishirini na nane nawapa kitu ninachojua hakiwafai, ili wenzao waonekane. Hawakukosa lolote. Walipangwa upande tu."

Anamimina chakula kwenye kihori. Wale kumi na watatu wanasita, wananusa. Mmoja, mdogo kuliko wote, anaingiza pua, na wengine wanamfuata wakisukumana kwa mabega membamba.

Mama Mizani anaketi juu ya ukuta, miguu inaning'inia, anawaangalia wakila.

"Nipe miezi miwili," anasema. "Ninataka mgeni akiingia humu asiweze kujua upande upi ulikuwa upi."